Mtoto Azimiaye kwa Kilio: Habari za Jina na Maana Yake

I. Jambo lenyewe

Walimu wengi waliokaa miaka mingi katika vituo vyao wamepata kuitwa mbio nyumbani kwa jirani kwa sababu mtoto mdogo "amekufa akilia." Wafikapo humkuta mtoto amelala mapajani mwa mamaye, mlegevu, mwenye usingizi kidogo, lakini yu mzima, anayetetemeka ni mama. Wakiuliza yaliyotukia, huelezwa habari ambayo kila nyumba yaisimulia kwa namna ile ile. Mtoto alinyang'anywa kisu alichokiokota, au alikatazwa kutoka nje, au alianguka akajigonga kichwa. Akalia kwa nguvu mara moja au mbili. Kisha kinywa kikabaki wazi na sauti isitoke. Midomo ikageuka rangi, macho yakapinduka, mwili ukalegea au ukakakamaa, pengine mikono na miguu ikatikisika mara chache. Kisha, kabla dakika moja haijaisha, akavuta pumzi kwa kishindo na kufumbua macho.

Hapo majirani huwa wamekwisha kutoa hukumu zao. Wa kwanza asema ni degedege, na aitwe mganga. Wa pili asema ni kifafa, na tangu leo watoto wenzake wasile naye chombo kimoja. Wa tatu, naye mara nyingi ni mzee mwenye heshima, asema si ugonjwa hata kidogo, bali ni kiburi: mtoto ameizuia pumzi yake makusudi ili amshinde mamaye, na dawa yake ni fimbo, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Mama ayasikia yote matatu, na katika yote hujiona yeye ndiye mwenye hatia, maana kila mtu aijua methali isemayo, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Katika makala haya twataka kueleza jinsi watu wenye elimu walivyolifahamu jambo hili tangu karne ya 17 hata leo. Habari hiyo si ya utabibu peke yake. Ni ya lugha pia. Tutaona kwamba jina walilolipa jambo hili ndilo mara nyingi lililoamua mtoto atendewe nini; na jina lilipokosea, aliyeadhibiwa ni mtoto.

II. Majina yake katika lugha mbalimbali

Waingereza hulitaja jambo hili kwa maneno yenye maana ya kushika pumzi, na atakayetafsiri neno kwa neno atasema "kuzuia pumzi." Sasa, mwenye kuzuia ni mwenye nia. Mpiga mbizi huzuia pumzi, na apitaye penye uvundo huzuia pumzi. Sarufi yenyewe yamfanya mtoto kuwa mtenda, na pumzi kuwa kitendwa. Hata yule aliyelisoma jina kabla ya kumwona mtoto huwa amekwisha kumhukumu.

Wafaransa hawakwenda njia hiyo. Wao husema "mkazo wa kwikwi ya kilio," yaani wametazama koo na kifua, wakaiacha nia ya mtoto bila kuitaja. Wajerumani nao wana neno la watu wa nyumbani lenye maana ya "kubaki huko," kana kwamba mtoto amekwenda mahali naye anakawia kurudi. Neno hilo la mwisho lilitoka vinywani mwa akina mama, si kwa waganga, na mtu asikiaye hutambua mara moja hofu ya mama anayesubiri.

Je, Kiswahili chasemaje? Tukiwasikiliza wazee, neno lililo karibu ni kuzimia. Neno hili latokana na kuzima, kama tusemavyo moto umezima. Nasi husema "amezimia," au kwa ukamilifu, "amezimia roho". Na roho katika Kiswahili ni uhai, tena ni pumzi, tena wengine huliita koo lenyewe kwa jina hilo. Hakuna asemaye juu ya mtu aliyezimia kwamba amejizima mwenyewe. Moto huzima kwa kukosa hewa au kwa upepo. Haujizimi kwa ukaidi. Kwa hiyo katika makala haya twasema "kuzimia kwa kilio," na twaona kwamba neno hili lililokuwako tangu zamani laieleza kweli kuliko tafsiri ya neno la Kiingereza.

III. Kuzimia kwa kilio si degedege

Lakini tusijisifu mno, maana lugha yetu nayo ina mtego wake, nao ni neno degedege. Neno hili lahusiana na ndege na dege, yaani ndege mkubwa. Watu wengi wa pwani waliamini kwamba ndege au nondo wa usiku apitaye juu ya mtoto ndiye amwangushaye na kumkakamaza. Ndiyo sababu ya kumfukiza mtoto na kumwogesha kwa majani. Na ndiyo sababu wazazi wengi waliogopa sindano, wakisema kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa.

Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika wilaya ya Bagamoyo juu ya degedege. Wachunguzi waliona kwamba kwa wenyeji degedege ni ugonjwa wenye jina na dalili zake: mtoto huwa na homa, hukakamaa, hutikisika, macho hupinduka. Dalili hizo ndizo za malaria kali iliyofika ubongoni. Basi akina mama hawakukosa macho. Waliyoyaona waliyaona vema. Lililokosekana ni kujua sababu, na kwa kutoijua, wengine walichelewa kufika hospitali.

Hapa ndipo ulipo mtego. Mtoto azimiaye kwa kilio naye hukakamaa, naye hupindua macho. Akiitwa mwenye degedege, yapo madhara mawili. La kwanza ni dogo: atafukizwa moshi bure. La pili ni kubwa. Mama aliyeona "degedege" mara tano, na kila mara likaisha lenyewe kabla ya dakika moja, atajifunza kungoja. Siku ya sita mtoto atakuwa na homa kali, naye atakakamaa kwa malaria, na mama atangoja kama alivyozoea. Siku hiyo kungoja kwaweza kuua. Kwa hiyo kuyatenga mambo haya mawili kwa maneno si mchezo wa wapenda lugha. Tofauti yenyewe yaweza kufundishwa hata kwa asiyesoma: kuzimia kwa kilio hakuna homa, na sikuzote kwatanguliwa na sababu iliyoonekana, yaani hasira, hofu, au maumivu ya ghafula, degedege la homa halingoji mtoto audhiwe.

IV. Jinsi lilivyofahamiwa Ulaya na Marekani

Katika kitabu cha wakunga cha karne ya 17 kilichochapwa Uingereza kwa jina la Nicholas Culpeper, yamo maelezo mafupi ya jambo hili. Chasema kwamba kwa hasira au huzuni nguvu za mwili wa mtoto husukumwa kutoka moyoni hata kwenye kiwambo cha kifua, zikaifunga pumzi. Na moyo wake utulizapo, shida nayo huondoka. Elimu ya mwili ya siku zile ilikuwa haba, wala hatuikubali leo. Lakini mambo mawili aliyaona sawasawa: kwamba chanzo ni msukosuko wa moyo, na kwamba jambo hukoma lenyewe. Culpeper mwenyewe alizika watoto wake wengi, na pengine ndiyo sababu hakuandika juu ya watoto kwa dharau.

Katika karne ya 19 njia iliingia giza. Katika miji ya Ulaya yenye moshi mwingi na jua haba, watoto wengi walipatwa na ugonjwa wa mifupa laini. Baadhi yao koo zao zilikazana ghafula, pumzi ikafungika, wakatoa mlio kama wa kuwika, na wengine wakafa. Waganga walilichanganya kundi hili na wale wazimiao kwa kilio, kwa kuwa wote huonekana wakikosa pumzi. Ilipofahamika baada ya mwaka 1919 kwamba mifupa laini yatokana na upungufu wa kile kilichokuja kuitwa vitamini D, na kwamba koo hukazana kwa upungufu wa chokaa katika damu, ugonjwa huo ukapata dawa yake, na idadi ya wagonjwa ikapungua sana. Lakini waliozimia kwa kilio walibaki vile vile. Hapo ikaonekana wazi kwamba wao ni kundi jingine.

Mwaka 1911 Jussuf Ibrahim, tabibu wa watoto aliyezaliwa Cairo na kufanya kazi Ujerumani, aliandika makala marefu juu ya jambo hili, akilitaja kama mkazo wa pumzi uletwao na msukosuko wa moyo, tena akaliweka katika kichwa cha makala yake lile neno la akina mama, "kubaki huko." Hatuna budi kuongeza habari nyingine ya mtu huyo. Mwaka 2000 tume ya Chuo Kikuu cha Jena ilithibitisha kwamba wakati wa utawala wa Hitler alishiriki katika mpango wa kuwaua watoto wenye ulemavu mkubwa. Twaitaja kwa sababu ni onyo: mtu aweza kujua mengi juu ya mtoto, naye asijue thamani yake.

Wakati huo huo katika nchi za Kiingereza ilienea nia ya kuwalea watoto kwa ukali na kwa saa. Vitabu vingi vya malezi vya nusu ya kwanza ya karne ya 20 viliweka kuzimia kwa kilio katika sura moja na hasira na utundu, pamoja na kujitupa chini na kupiga mateke. Lile jina la kushika pumzi lilikuwa limekwisha kuifanya kazi yake: mtoto alihesabiwa kuwa mkaidi, na mama kuwa mdhaifu. Wazazi wakashauriwa kummwagia mtoto maji baridi, au kumpiga kofi.

Ukombozi ulikuja kwa chombo cha kupimia umeme wa ubongo. Mwaka 1929 Hans Berger, Mjerumani, alitangaza kwamba umeme wa ubongo wa binadamu waweza kuandikwa juu ya karatasi kutoka nje ya kichwa. Kwa chombo hicho kifafa kiliweza kutambulikana kwa mistari yake mikali. Mwaka 1958 Henri Gastaut na mwenziwe Yvette Gastaut, huko Marseille, Ufaransa, walieleza matokeo ya kuwapima watoto wazimiao. Mistari ya kifafa haikuonekana. Ubongo ulipokosa hewa safi ya damu, mawimbi yake yalikuwa ya polepole, kisha yakalala kabisa, kama ubongo wa mtu yeyote anyimwaye damu. Na damu iliporudi, yakaamka. Kumbe kule kukakamaa hakukuwa kifafa.

Mwaka 1967 Cesare Lombroso na mwenziwe Lerman, katika mji wa Boston, Marekani, walitoa habari za watoto 225. Hao waliyathibitisha makundi mawili. Katika kundi la kwanza mtoto hulia, hutoa pumzi yote hata mwisho, wala haivuti. Midomo huwa ya rangi ya samawati, kisha fahamu hupotea. Kundi hili ndilo kubwa. Katika kundi la pili mtoto hulia kidogo sana au halii kabisa. Baada ya kugongwa au kushtuka, huwa mweupe kama majivu na kuanguka. Hapa pumzi siyo iliyotangulia kukoma. Mshipa mkubwa wa fahamu ushukao kutoka kichwani huupunguza mwendo wa moyo, hata moyo husimama kwa sekunde kadhaa, kisha hupiga tena. Jambo hili lilionekana kwa kuyabana macho ya mtoto mbele ya vyombo vya kupimia. Njia hiyo ni ya hatari, wala asiijaribu mtu.

Basi fikirini, ndugu zetu. Mtoto wa miezi kumi na minane atawezaje kuusimamisha moyo wake ili apewe kisu? Mwaka 1978 John Stephenson wa Glasgow aliandika kwamba kuanguka kwa kundi hili la pili si kushika pumzi wala si kifafa, akapendekeza jina jingine. Na mwaka 1993 Francis DiMario na mwenziwe, wa Marekani, walilinganisha tabia za watoto wazimiao na za wenzao wasiozimia, wasione tofauti yenye maana. Hawakuwa wakaidi zaidi, wala hawakudekezwa zaidi. Hukumu ya yule mzee mwenye fimbo ikakosa shahidi.

V. Habari ya chuma

Kuna jambo jingine lililofahamika polepole. Mwaka 1963 wachunguzi wawili wa Marekani, Holowach na Thurston, waliandika kwamba watoto wengi wazimiao kwa kilio wana upungufu wa damu. Mwaka 1997 Azhar Daoud na wenzake wa Jordan walitoa habari ya jaribio lao. Watoto 33 walipewa dawa ya chuma, na wengine 34 walipewa kitu kisicho dawa. Katika wale wa kwanza, 29 walipona kabisa au kuzimia kwao kukapungua zaidi ya nusu. Katika wale wa pili, ni wawili tu. Wazazi waliokuwa wakilaumiwa kwa malezi mabaya kumbe walikuwa na watoto wenye kukosa chuma.

Hata hivyo, mtu asikimbilie dukani kununua chuma. Katika kisiwa cha Pemba, watoto wadogo walipewa chuma kila siku bila kupimwa kwanza, na jaribio hilo likasimamishwa mwaka 2003. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mahali penye malaria nyingi, watoto waliopewa chuma walizidi kulazwa na kufa kuliko wasiopewa. Tena vidonge vingi vya chuma ni sumu kwa mtoto. Kwa hiyo mtoto na apimwe damu kwanza, na dawa aitoe tabibu.

VI. Yatupasayo

Mwalimu au mchungaji si tabibu, lakini mara nyingi ndiye wa kwanza kuulizwa na mzazi, na neno lake hushikwa. Kwa hiyo yafaa awe na maneno machache ya hakika.

Mtoto azimiapo, alazwe chali au kwa ubavu, mahali pasipo cha kumdhuru. Asiinuliwe wima begani, maana damu huzidi kukipungukia kichwa. Asitikiswe, asimwagiwe maji, wala asitiwe kijiko wala kidole kinywani. Pumzi itarudi. Ikirudi, apewe upole wa kawaida, lakini kile alichokatazwa abaki amekatazwa. Asipigwe kwa kuzimia, wala asipewe zawadi kwa kuzimia. Jambo hili huanza mara nyingi kati ya miezi sita na miezi kumi na minane, nalo huisha lenyewe kwa watoto walio wengi kabla ya miaka sita. Wazazi waambiwe hivyo waziwazi. Tena waulizwe kama wao wenyewe au ndugu zao walizimia utotoni, maana mara nyingi jambo hili hufuata ukoo. Na bibi wa mtoto akikumbuka kwamba baba yake naye alikuwa hivyo, hofu ya nyumba nzima hupungua.

Zipo dalili za kupeleka hospitali bila kukawia: kuzimia pamoja na homa, kuzimia bila sababu iliyoonekana, au katika usingizi, kuzimia akikimbia au akicheza, kutikisika kunakopita dakika chache, mtoto aliye chini ya miezi sita, na nyumba ambamo kijana amekufa ghafula. Mwaka 1957 Jervell na Lange-Nielsen wa Norwei walieleza habari ya nyumba moja yenye watoto wanne waliokuwa viziwi tangu kuzaliwa na wenye kuzimia. Watatu wao walikufa ghafula, na ugonjwa ulikuwa katika umeme wa moyo. Walimu wa watoto viziwi na wakumbuke habari hiyo. Na kila mtoto aliyezimia kwa mara ya kwanza aonwe na tabibu, hata kama sisi twaona ni kilio tu.

Tulianza na hukumu za majirani watatu. Degedege, kifafa, kiburi: kila moja ni jina, na nyuma ya kila jina kuna mkono ulioinuliwa juu ya mtoto, wenye chetezo, au wenye kumsukuma atengwe, au wenye fimbo. Karne tatu na zaidi zilipita tangu maelezo yale ya Culpeper hata vyombo viliposhuhudia kwamba mtoto huyu hana hatia. Sisi tunaofundisha kusoma na kuandika twapaswa kuwa wa kwanza kuyapima maneno. Mama atakapokuja mbio tena, na majirani nyuma yake, tumwambie kwa neno la lugha yake mwenyewe: Mtoto amezimia, mama, hakujizima.